Kuinyoosha Picha ya Kaka

Wanaume waliporudi kutoka mochwari walituambia jeneza halitafunguliwa. Baba mdogo ndiye aliyesema, amesimama mlangoni mwa chumba cha mama kule Gongo la Mboto, kofia mkononi. Kaka yangu aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki yake, kwa hiyo sisi wanawake tulielewa bila kuuliza. Wifi yangu, mke wa kaka, alijifunika khanga usoni. Mama alitazama miguu yake, kisha akasema, "Basi nitengenezeeni picha kubwa. Nimuage uso."

Wote wakanigeukia mimi.

Kwetu mtu haagwi kwa maneno. Sisi ni watu wa bara, tumekuja Dar zamani, na mengi tumeyaacha huko huko njiani, lakini hili hatukuliacha. Siku ya maziko watu wanapanga foleni, wanapita mmoja mmoja mbele ya jeneza, wanautazama uso wa marehemu, wanatokea upande wa pili. Asiyepita hajaaga, hata kama amelia mpaka sauti imekauka. Jeneza likibaki limefungwa, picha inawekwa kwenye meza ndogo pale kichwani, na watu wanaiaga picha. Kwa hiyo mama hakuwa anaomba pambo. Alikuwa anaomba uso wa mwanawe.

Waligeukia kwangu kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta wa ukoo. Siku hizi kila ukoo unaye mmoja. Simu ya shangazi ikigoma ninapigiwa mimi, runinga ya jirani wa shangazi isipoonyesha ninapigiwa mimi, na nikisema kazi yangu ni kuandika programu na si kupanda juu ya mabati kugeuza dish, naambiwa naringa. Safari hii walikuwa na haki. Programu inayotengeneza picha za marehemu katika duka moja la steshenari kule Tandale niliiandika mimi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na nilikuwa naitunza kutoka nyumbani kwangu Kibamba.

Mwenye duka ni mzaliwa wa pwani, ukoo wake uko Dar tangu mitaa mingi ya sasa ikiwa mashamba ya minazi. Duka lake liko karibu na soko. Kazi yake kubwa ilikuwa fotokopi na picha za pasipoti, lakini alishaona kwamba watu wanaokuja wakikimbia, macho mekundu, simu mkononi, ni wa misiba. Wanataka marehemu awekwe kwenye fremu, wa Kikristo na msalaba wake, chini tarehe mbili. Zamani alizikata picha hizo moja moja kwa mkono huku watu wamemsimamia kichwani. Programu yangu ilipokea picha, ikaisimamisha, ikaikata, ikaiweka kwenye fremu, ikachapa. Aliipa jina la mashine ya misiba. Jina lile sikulipenda, nikamwambia, akacheka, likabaki.

Kuisimamisha picha ndiko kulikonitoa jasho. Ukishika simu wima ukapiga picha, mara nyingi simu inaihifadhi ile picha ikiwa imelala ubavu, halafu inaandika ndani ya faili namba moja ndogo inayosema picha hii igeuzwe hivi. Namba hizo ziko nane. Programu ikiisoma namba, picha inasimama. Isipoisoma, mtu analala. Mwanzoni yule bwana alikuwa ananipigia simu karibu kila asubuhi: "Sista, maiti wako kalala tena!" Na mimi nikiwa na chai yangu mkononi Kibamba nilikuwa nacheka. Sasa hivi nashangaa nilikuwa nacheka nini.

Toleo la kwanza lilizungusha picha kwenye kona badala ya katikati. Chukua karatasi mezani, ibane kona moja kwa kidole, izungushe. Yote inatoka nje ya meza. Ndivyo ilivyokuwa, fremu zikatoka nyeusi tupu. Toleo la pili lilizungusha vizuri, ila nilisahau kwamba picha pana ukiisimamisha inakuwa ndefu, nikaichora kwenye nafasi yenye upana na urefu ule ule wa mwanzo. Vichwa vikakatika. Kuna familia ilinusurika kupelekewa shingo na tai. Kisha kukawa na siku ambazo watu wote walitoka na ngozi ya waridi. Nilirekebisha moja baada ya jingine, mashine ikatulia, ikahudumia misiba ya watu nisiowajua, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Kaka hakuwa mtu wa picha. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na simu yake ilijaa mageti. Mageti ya mbele, mageti ya pembeni, kitasa kwa karibu, geti na mteja kasimama kando ameshika kiuno. Wifi alinipa simu hiyo, kioo chake kimepasuka lakini inawaka, nikaanza kutelezesha kidole nikipita geti baada ya geti nikimtafuta mwenyewe. Picha yake inayofaa nilipata moja tu. Alijipiga siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani, amevaa shati jeupe lenye mfuko kifuani, anatabasamu kidogo kama mtu aliyeambiwa atabasamu wakati hakuna mtu mwingine pale. Nikaituma faili nzima Tandale. Mwenye duka alinipigia hapo hapo, sauti yake imeshuka.

"Pole sana dada. Huyu wako kabisa? Kaka wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Sie wote njia ni hiyo. Asubuhi na mapema itakuwa hapo, usiwe na wasi."

Nilimshukuru nikakata. Tangu taarifa ya ajali nilikuwa sijalia. Wanawake waliniambia ninajikaza, na mmoja akanisifu mbele ya wenzake. Sikuwa najikaza hata kidogo. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lakini kidole ndicho kinachohisi, shavu halihisi. Nilifanya kila nilichoambiwa. Niliosha vikombe. Nilipokea wageni na kuwaonyesha choo. Kaka aliyekuwa akinibeba mabegani kunivusha maji ya mvua kwenda shule alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nawaza kama sukari itatosha.

Asubuhi ya maziko picha ikaja na bodaboda, imefungwa kwenye gazeti. Ibada ya kuaga ilipangwa saa nane mchana. Baba mdogo aliifungua sebuleni, akaiinua juu kwa mikono miwili, na nyumba nzima ikapiga mguno. Wifi alilia kwa sauti. Mtu akasema, ndiye huyo, kama vile anataka kutuambia kitu. Nilitazama kingo, nikatazama rangi. Kazi ilikuwa safi.

Mama alisogezewa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akairudisha kwa baba mdogo.

"Siye."

"Siye nani, shemeji?"

"Huyu si mwanangu. Anafanana naye."

Nikamwambia, "Mama, ndiye. Nimeitoa kwenye simu yake mwenyewe."

"Nimesema siye."

Baba mdogo alinivuta pembeni. Ni mtu wa kupanga mambo. Alikuwa amepanga basi, makaburi, wachimbaji, mapadre na maji ya kunywa, na alikuwa amechoka. "Mama yako kachanganyikiwa," akasema. "Uchungu huo. Tumwache, mchana akifika mbele ya jeneza ataelewa tu."

Mama alisikia. "Mie sitapita kumuaga mtu nisiyemjua," akasema. "Mtapita nyie." Akalala kwenye mkeka, akageukia ukutani.

 Kila mtu aliyekuwepo alielewa maana yake. Kama mama hapiti, mama hajaaga, na jeneza likishashuka hakuna kurudia. Wifi alinitazama kama mtu anayesubiri fundi aseme gari litapona au halitapona.

Niliichukua ile fremu nikaingia nayo chumbani, nikafunga mlango, nikamtazama kaka yangu. Sikuona tofauti yoyote. Pua ile ile, masikio yale yale, tabasamu lile lile la kulazimishwa. Mama wa mtu anasema siye, dada wa mtu haoni kitu. Hilo lilipaswa kuniuma na halikuniuma. Nikafungua simu yake iliyopasuka, nikaiweka kando ya fremu, nikaanza kulinganisha kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini, jinsi ninavyofanya siku zote mteja akisema kuna kitu hakiko sawa na hawezi kusema ni kitu gani.

Nilipofika kwenye shati nikaona. Kwenye simu mfuko ulikuwa upande wa moyo. Kwenye fremu ulikuwa umehamia upande wa pili. Nikarudi juu, na sasa macho yalijua yanatafuta nini: nyusi iliyopanda kidogo ilikuwa imehama, kichwa kilichoinamia huku kilikuwa kimeinamia kule. Alikuwa amegeuzwa kulia kushoto, kama mtu kwenye kioo. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, na mama alikuwa ameutazama ule maisha yake yote, amesimama mbele yake.

Nilitoka nikamwinamia mkekani. "Mama, una haki. Imegeuka, kulia kumekuwa kushoto."

"Basi igeuze," akasema bila kuniangalia, vile vile anavyomwambia mtu ageuze chapati.

Nilimpigia mwenye duka. Aliniambia hiyo ishu ndogo, angeigeuza kwa simu yake mwenyewe. Baada ya muda akapiga, sauti ya mashine ya fotokopi nyuma yake. "Dada, imenigomea. Kwenye simu nageuza inakaa sawa. Nikiitia kwenye mashine inalala ubavu. Inanifanyia makusudi." Haikuwa makusudi. Simu yake iliigeuza picha ikaiacha ile namba ya zamani ndani, programu yangu ikaisoma namba ikageuza kitu ambacho kilishageuzwa. Nilimwambia asiguse kitu, aniache nitafute kosa.

Sasa, kulikuwa na njia ya mkato. Ningeweza kuikata picha kwa mkono kwenye laptop yangu, nikaibandika kwenye fremu bila kupita kwenye programu, nikaituma ikachapwa, na muda ungebaki. Niliijua njia hiyo tangu dakika ya kwanza. Sikuichukua, kwa sababu ingeniachia asubuhi nzima mikononi. Nje ya mlango ule kulikuwa na mikeka, na wanawake wa mtaa, na kila aliyefika alinikumbatia akalia shingoni kwangu huku mimi nimesimama mikono imening'inia, sijui niiweke wapi. Nilichoka kuliliwa. Ndani ya laptop kulikuwa na kosa moja, lenye mstari wake na sababu yake, na kosa hilo lingeweza kurekebishwa. Nilikaa kitandani kwa mama, miguu juu, nikafungua.

Baba mdogo alinikuta hivyo. Alitazama mistari kwenye kioo, akanitazama mimi.

"Kaka yako yuko mochwari, wewe uko kazini?"

"Natengeneza picha, baba mdogo."

"Picha ipo. Watu wamesema ni nzuri."

"Mama hajasema."

Alivua kofia, akajifuta uso nayo, akaivaa tena. "Saa saba iwe hapa," akasema. "Saa saba, mwanangu, si saa saba na nusu. Jeneza likifika mie siwezi kuliambia lingoje." Na akafunga mlango kwa upole, kwa kweli kwa upole kuliko nilivyostahili, maana nilikuwa namjibu kama karani wa dirishani.

Kosa sikulitafuta sana. Lilikuwa pale pale kwenye zile namba nane. Nne kati yake ni za kugeuza peke yake, na nne nyingine zinasema picha pia imepinduliwa kama kwenye kioo. Nilipoandika programu nilijua hayo, nimeyasoma, lakini sikuwahi kuona simu inayotumia hizo nne za pili, nikazichanganya na zile za kwanza: ya tano nikaipanga pamoja na ya sita, ya saba pamoja na ya nane, maana zote ni kulala ubavu. Picha ingesimama, na nani angejua? Kweli, hakuna aliyejua. Sijui ni watu wangapi wameagwa kule Tandale wakiwa wamegeuzwa. Simu ya kaka, simu ya mkono wa pili ya bei rahisi, kamera yake ya mbele ilikuwa inaandika tano. Simu zote hizi za Dar, na yeye akanunua ile.

Nikaitoa tano pale ilipokuwa, nikaandika iwe inageuza na kupindua. Ni mistari miwili. Nikaendesha programu.

Fremu ikatokea. Msalaba ulikuwepo, maua yalikuwepo, tarehe mbili zilikuwepo chini kwa maandishi yale ya dhahabu anayoyapenda mwenye duka. Katikati palikuwa peusi.

Wifi aliingia wakati huo huo na kikombe cha uji. Aliinama kuniwekea mezani akaiona ile fremu nyeusi, na tarehe za mume wake chini yake.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Katoka nje ya karatasi," nikasema. "Subiri, namrudisha."

Nilisema hivyo jinsi ninavyowaambia wateja. Hata kuinua macho sikuinua. Akasogeza kikombe karibu na mkono wangu, akasema, "Unywe uji, wifi, hujala," akatoka. Nilikunywa. Uji ulikuwa wa moto na sikujua ulikuwa umetiwa sukari au la.

Unapoiambia Java ipindue picha, inaipindua kwa kuipeleka upande wa pili wa ukingo, kama ukurasa wa kitabu unavyofunuliwa. Picha ipo, imegeuka sawasawa, ila ipo nje, mahali ambapo hakuna anayeiona. Unapaswa kuiambia pia isogee irudi ndani. Nikaongeza amri ya kuisogeza. Nikaendesha. Nyeusi tena. Nikaomba programu inionyeshe picha iko wapi, na ilikuwa imekwenda mbali zaidi, imetoka maradufu. Nikabadilisha hesabu, ikatoka kwa juu. Nikabadilisha tena, akarudi kaka lakini kichwa chini. Nikabadilisha, akalala ubavu. Kuna wakati alitokea nusu, jicho moja na sikio moja na ule mfuko, kisha weusi.

Nilimwona kaka yangu kwa namna zote ambazo picha inaweza kukaa. Nilimwona kichwa chini nikawaza upana na urefu. Mtu angechungulia dirishani angeniona nimetulia, nimekaza macho, na angesema dada yule ana moyo. Nje walianza kuimba. Kwaya ya jumuiya ilikuwa imefika, sauti za kina mama zikapanda, na mimi nikafunga dirisha kwa sababu zilinipotezea hesabu.

Halafu nikakumbuka kitu ninachokisahau kila mwaka. Amri hizi Java inazitekeleza kutoka chini kwenda juu. Uliyoiandika mwisho ndiyo inayofanyika kwanza. Mimi nilikuwa naandika pindua, halafu sogeza, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika, na yenyewe ilikuwa inasogeza kwanza kisha inapindua, kila safari inamtupa nje zaidi. Nilibadilisha mistari nafasi. Wa chini juu, wa juu chini. Nikaendesha.

Akarudi. Alisimama wima katikati ya fremu, mfuko upande wa moyo, kichwa kimeinamia kule alikokuwa anakiinamisha. Nilijaribu na picha nyingine za simu ile, mageti aliyoyapiga kwa kamera ya mbele kwa makosa yakiwemo, zote zikakaa sawa. Nilijaribu na picha za simu yangu nisije nikaharibu zilizokuwa nzima. Nilifurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi, ile furaha ndogo ya kazini, nikataka kumwambia mtu, na mtu ambaye ningemwambia, ambaye alikuwa ananisikiliza nikieleza mambo haya bila kuelewa hata moja na mwisho anasema "kwa hiyo geti limefunga?", alikuwa ndiye huyo kwenye kioo.

Hata hapo sikulia. Nilibeba laptop nikampelekea mama.

Alijinyanyua kwa kiwiko. Alitazama. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye kioo, ukamgusa shavu. "Ee," akasema. "Huyu ndiye." Kisha akamwita kwa jina ambalo ni yeye tu aliyekuwa akimwita nalo, jina la utoto, akalia, na wanawake wote wakalia naye, na wifi akaja akapiga magoti kando yake. Mimi nilikuwa nimeshika laptop isianguke. Niliona alama ya vidole vya mama kwenye kioo nikawaza nitaifuta na nini.

Kutuma programu mpya Tandale kulichukua muda, mtandao ulikuwa mzito, nikapanda juu ya kiti nje karibu na tangi la maji kutafuta pa kushika. Mwenye duka aliipokea, akaiweka, akachapa, akaipiga picha kwa simu akanitumia, kisha akanipigia. "Mashaallah, imekaa," akasema. "Dada, na wale wa nyuma je? Wale wote tuliowatoa?" Nilimwambia tutazungumza. Bodaboda akaondoka Tandale saa sita imeshapita, na njia ya kuja Gongo la Mboto mchana, wote mnaijua.

Saa saba ilifika, picha haijafika. Saa saba na nusu pia. Jeneza lilifika kabla yake, likawekwa chini ya turubai, na pale kichwani meza ndogo ilikuwa na kitambaa cheupe na haina kitu. Baba mdogo aliitazama ile meza, akanitazama mimi. Padre alianza. Yalipita masomo, ukapita wasifu, zikapita salamu za mafundi wenzake, ambao walivaa fulana za kufanana na hawakujua waweke wapi mikono yao mikubwa. Mama alikaa mbele, ametulia, ananisubiri mimi. Mwongozaji wa shughuli alishika kipaza sauti akasema sasa tutajiandaa kuaga, tunapita kushoto tunatokea kulia, tusisimame, tupishane. Hapo ndipo nikasikia pikipiki. Nilikimbia getini, nikalirarua gazeti palepale barabarani, nikampitishia baba mdogo picha juu ya vichwa vya watu, na yeye akaiweka mezani.

Walipita majirani. Walipita mafundi. Walipita watu wa jumuiya na wapangaji wenzake wa zamani na mtoto wa kipaimara akiwa amevaa suruali ndefu. Kila mmoja alifika, akasimama kiasi cha pumzi moja, akatazama, akasogea. Ndugu tunapita mwisho. Mama alitangulia, nimemshika mkono mmoja na wifi mwingine. Alipofika mbele ya picha alituondoa mikono wote wawili, akasimama peke yake, akazungumza na mwanawe kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya kawaida, kama anamwagiza kitu dukani. Mwongozaji hakuthubutu kumharakisha. Alipomaliza akasema, "Haya, baba. Nenda," akatokea upande wa kulia kwa miguu yake. Nilifikiri, kazi imekwisha, imefaa.

Wifi akapita. Kisha zamu yangu.

Nilisimama mbele yake. Nilitazama kingo nne, hakuna weusi uliobaki. Nilitazama juu, kichwa hakikukatwa. Nilitazama rangi ya ngozi, nikaona wino mwekundu umezidi kidogo, si sana, mtu wa kawaida asingeona. Nilitazama kama maandishi ya chini yamekaa katikati. Mtu wa nyuma yangu alikohoa. Nikasogea, nikatokea kulia.

Nilikuwa nimefika kwenye viti ndipo nikajua. Nilipita na sikumwona. Nilikuwa nimeikagua picha.

Niligeuka kurudi. Ndugu wa mwisho alikuwa ameshapita, vijana wameshainama kushika jeneza, na mpwa wangu mkubwa alikuwa ameitwa kubeba picha, kama ilivyo desturi, aitangulize. Nilimfikia baba mdogo, nikamshika koti.

"Naomba niione mara moja tu," nikasema.

"Nini?"

"Picha."

Alinitazama, na hakuwa amekasirika, alikuwa anashangaa tu. "Mwanangu," akasema, "si umeshinda nayo tangu asubuhi?"

Nikasema ndiyo, nimeshinda nayo.

Akanipigapiga begani akaenda kupanga watu. Msalaba ukatoka, nyuma yake mpwa wangu ameinua picha kifuani, uso wa kaka ukiangalia mbele, barabarani, kwa watu waliosimama kando ya njia. Sisi ndugu tulifuata nyuma ya jeneza. Kutoka pale nilipokuwa natembea niliuona mgongo wa fremu, ubao wa kahawia na vibanio vinne, na niliutazama huo mpaka kwenye basi.